Majarida ya bure usiyoyaomba: mwongozo kamili kwa mkutubi

Jumatatu asubuhi mhudumu wetu anarudi kutoka Posta Mpya na mfuko wa sandarusi. Ndani mna barua mbili za masjala, mwaliko wa semina na majarida saba yaliyofungwa kwa nailoni. Katika hayo saba, tuliyoyalipia ni mawili. Matano yaliyobaki hakuna mtu ndani ya jengo aliyeyaagiza: moja ni la mitambo ya kujaza soda kwenye chupa, moja la ubalozi lenye waziri anayekata utepe, moja la wafugaji wa kuku wa Ulaya, moja la dini, na la mwisho ni la benki, lenye karatasi nzito inayong'aa kuliko kitabu chochote tulichonunua mwaka huu.

Wakutubi wa Dar es Salaam wanaujua mfuko huo, wawe wa shule, wa chuo au wa taasisi. Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama wanayapanga yote rafuni kwa kuwa ni ya bure na rafu zina nafasi, ama wanayarundika chini ya meza hadi siku ya ukaguzi. Mimi nimeyafanya yote mawili. Nilichojifunza baada ya miaka kitengo cha majarida ni kwamba jarida la bure huamuliwa kabla muhuri wa maktaba haujaligusa. Ukishagonga muhuri limekuwa mali ya taasisi, na kulitoa kutakudai karatasi nyingi kuliko ulizotumia kuliingiza. Kwa hiyo hatua karibu zote zilizo hapa chini ni za muda ule mfupi kati ya mfuko wa posta na muhuri.

Kwanza ujue kwa nini wanakutumia

Hakuna anayelipa stempu ya kimataifa kwa kukuonea huruma. Ana sababu yake, na ukiijua utajua pia namna ya kumzuia.

Majarida ya biashara na ufundi, yaani ya vifungashio, meli, vifaa vya hospitali na kadhalika, huishi kwa matangazo. Bei ya tangazo hufuata idadi ya wanaolipokea jarida, na kwa wachapishaji wakubwa idadi hiyo huhakikiwa na wakaguzi wa nje. Hapo ndipo maktaba inapokuwa anwani tamu. Haihami, haistaafu, na mchapishaji anaweza kumwambia mtangazaji kwamba nakala yake moja inapita mikononi mwa wanafunzi wengi. Ndiyo maana kila baada ya mwaka hivi hukuletea kadi ya kujaza: bado unalitaka? cheo chako ni kipi? taasisi yenu ina watu wangapi? Mkaguzi anataka ushahidi kwamba mpokeaji ameomba mwenyewe. Usipoijaza, mara nyingi jarida hukatika lenyewe. Ukiijaza kwa adabu tu, umejiandikisha rasmi.

Balozi na idara za habari za nchi za nje hutafuta sifa. Dar es Salaam ina historia ndefu na hizi. Wakati wa vita baridi Wamarekani, Warusi na Wachina wote walikuwa wakigombea meza za kusomea za mji huu, na baadhi ya majarida yalikuja kwa Kiswahili. Hawa hawakuletei kadi. Watatuma hadi bajeti yao ikatwe au balozi abadilishwe.

Taasisi za dini hutuma kwa ajili ya mahubiri. Asasi za kiraia hutuma kwa sababu mfadhili wao anataka kusikia kwamba nakala 2,000 zimesambazwa. Wachapishaji wa majarida ya kitaaluma hutuma toleo la kuonjesha, wakitumaini kwamba utaliagiza. Halafu kuna zawadi halisi, ambayo watu huisahau. Mwanafunzi wa zamani aliyeko ng'ambo, au mhadhiri aliyestaafu, ameilipia maktaba usajili wa mwaka mzima na hakusema, akidhani mchapishaji atakuambia. Huyo usimkosee.

Hatua ya 1: boksi la kusubiri

Tafuta boksi la karatasi za A4 lililokwisha kazi, liandike "HAYAJAAMULIWA" kwa kalamu nene, liweke mahali ambapo wasomaji hawafiki. Kila jarida lisilo kwenye orodha ya mliyolipia liingie humo, bila muhuri, bila namba, bila lebo ya mgongoni. Mwambie mhudumu anayefungua mifuko, na umwambie tena, kwa sababu mkono uliozoea muhuri hugonga wenyewe.

Bahasha au nailoni ya nje usiitupe. Lebo ya anwani ina namba ndefu juu ya jina la maktaba, na hiyo ndiyo namba mchapishaji anayokujua nayo. Ukimwandikia bila namba hiyo atakujibu kwamba hakuoni kwenye orodha. Mimi huikata lebo kwa mkasi na kuibandika ndani ya daftari.

Daftari lenyewe halihitaji ufundi. Kila jarida lipewe ukurasa wake: jina, anayelichapisha, nchi, ISSN, toleo la kwanza lilifika lini, lebo, na limekuja kwa jina la nani. ISSN ni namba ya kimataifa ya kulitambulisha jarida, ile ya tarakimu 8 yenye kistari katikati, kwa kawaida iko kwenye jalada au ukurasa wa wahariri. Usiidharau. Majarida hubadili majina kama timu zinavyobadili jezi, na mawili tofauti yanaweza kuwa na jina moja. ISSN ndiyo itakayokuonyesha kwamba jarida unalolipokea leo ndilo lile ulilolikataa mwaka juzi, limerudi na jalada jipya.

Hatua ya 2: uliza kabla hujahukumu

Andika dokezo sabili moja fupi, lizunguke kwa wakuu wa idara: je, kuna aliyeagiza jarida hili, au aliyejaza fomu yoyote kwenye maonyesho au kwenye intaneti kwa anwani ya maktaba? Wape wiki mbili.

Utashangaa. Jarida letu la mitambo ya kujaza soda liliagizwa na mhadhiri mmoja aliyepita kwenye banda la maonyesho Sabasaba, akajaza kadi ili apewe kalamu. Alikuwa amesahau kabisa. Lilikuja kwa miaka minne kwa sababu ya kalamu moja ya wino.

Tazama pia jina lililo kwenye lebo. Kama ni la mkutubi aliyehama zamani, maana yake mchapishaji amenunua orodha ya anwani iliyochakaa, na kuna wengine walionunua orodha hiyo hiyo. Tegemea wageni zaidi.

Hatua ya 3: majaribio ya matoleo matatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jarida la bure ninalipa matoleo matatu ya kuwa mgeni, kisha lifanye kazi au liondoke.

Toleo la kwanza lisome mwenyewe, dakika kumi tu. Nani ameandika makala? Kama kila makala inaishia kwa kusifu bidhaa inayotangazwa ukurasa wa pili, hiyo ni katalogi iliyovaa suti. Linatoka kwa ratiba, au toleo la Machi linafika kabla ya la Januari? Lugha yake wasomaji wako wanaielewa? Na kuna kitu ndani yake ambacho hawakipati kwingine?

Toleo la pili na la tatu yaweke mezani, kwenye chumba cha kusomea, lakini bado bila muhuri. Pembeni andika kikaratasi: "Jarida la majaribio. Ukimaliza, liache mezani." Jioni kabla ya kufunga, anayepanga meza aweke alama kwenye daftari kwa kila jarida alilolikuta limehamishwa. Wanafunzi wa fildi wanaotoka chuo cha ukutubi Bagamoyo huifanya kazi hii vizuri kuliko sisi, maana bado wana hamu.

Kuna kipimo kingine cha kizee ninachokipenda zaidi. Chukua kipande cha karatasi kisichozidi kidole, kichomeke katikati ya jarida, na ukumbuke ukurasa. Baada ya mwezi lishike jarida kwa mgongo ulitikise. Kikaratasi kikianguka pale pale kilipokuwa, hakuna aliyefika katikati.

Kipimo hicho ndicho kilichonisuta kuhusu jarida la kuku. Nilikuwa nimeshalihukumu. Kuku wa Ulaya, mabanda yenye viyoyozi, nani atalisoma Dar es Salaam? Nilipolitikisa, kikaratasi hakikuwepo. La mwezi uliofuata, vilevile, na kurasa za chakula cha vifaranga zilikuwa zimekunjwa pembe. Nikafuatilia. Alikuwa mlinzi wetu wa zamu ya mchana, anafuga kuku wa nyama Kivule, anakuja saa ya chakula kuangalia michoro ya vyombo vya kulishia na jinsi ya kupangilia taa. "Madam, Kizungu chenyewe sikijui sana, lakini picha zinajieleza." Jarida lile lilibaki.

Hatua ya 4: andika utaratibu wenu, nusu ukurasa unatosha

Bila karatasi iliyosainiwa na mkuu wa taasisi, kila kukataa kwako kutaonekana ni chuki binafsi. Utaratibu usiwe mrefu. Wetu, kwa maneno yaliyo karibu na haya, unasema:

"Maktaba hupokea majarida ya bure kwa hiari yake. Kupokea toleo moja hakuifungi maktaba kupokea yanayofuata, kuyatunza, kuyaonyesha wala kuyalipia. Jarida litakalokubaliwa litatunzwa kwa muda utakaopangwa na mkutubi. Lisilokubaliwa litagawiwa au kuondolewa bila kumwarifu aliyetuma. Hakuna mtumishi anayeruhusiwa kujaza fomu ya usajili wa jarida kwa anwani ya maktaba bila saini ya mkutubi mkuu."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Ibandike ukutani, masjala na mapokezi.

Hatua ya 5: likikubaliwa, lipe daraja lake

Kukubali jarida la bure hakumaanishi kulihifadhi milele. Hesabu kidogo uone. Jarida la kila mwezi lenye unene wa nusu sentimita linakula sentimita 6 za rafu kwa mwaka. Rafu ya sentimita 90 inabeba majarida 15 ya namna hiyo kwa mwaka mmoja, basi imejaa. Muda nao unaliwa: majarida 20 ya kila mwezi, dakika 5 za kupokea, kuandika na kupanga kila toleo, ni saa 20 kwa mwaka. Ni nusu ya wiki ya kazi ya mtu unayemlipa, halafu unayaita ya bure.

Kwa hiyo tunayo madaraja. La juu ni jarida linaloingizwa kwenye katalogi, linapata muhuri, namba na rafu, na linatunzwa miaka mitano au zaidi. Ni machache sana. La kati ni la mezani: toleo la sasa na lililotangulia tu, bila katalogi, bila muhuri. Likija jipya, la zamani zaidi linashuka kwenye boksi la kugawa. Mengi yanakaa hapa. La chini ni lile ambalo idara moja tu ndiyo inalitaka. Hilo lipeleke kwa idara moja kwa moja na umwandikie mchapishaji abadilishe anwani.

Mnaotumia Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba, jihadharini na jambo moja. Ukiliingiza jarida la bure kwenye sehemu ya majarida na kulipangia ratiba ya kila mwezi, programu itategemea toleo kila mwezi, na lisipofika italiweka kwenye orodha ya yaliyochelewa. Majarida ya bure hayana ratiba ya kuaminika. Baada ya mwaka orodha yako ya yaliyochelewa itajaa vitu ambavyo huna haki ya kuvidai, na yale mliyolipia yatazama katikati yake. Weka ya bure bila ratiba, au usiyaingize kabisa.

Usisahau pia hewa yetu. Karatasi ya kung'aa ina tabaka juu yake, na kwa joto na unyevu wa pwani, hasa masika paa likivuja kidogo, kurasa hushikana zikawa kama ubao. Ukizibandua, wino unabaki upande mmoja. Kama unataka kutunza jarida la aina hiyo, lisimamishe wima, usililaze kwa rundo, na liwe mbali na ukuta.

Ya dini na ya siasa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Mwaka mmoja tulikuwa tukipokea jarida la dini, zuri kwa picha, linafika kwa wakati kuliko yote. Msichana wa mapokezi alikuwa akiliweka meza ya mbele kwa sababu jalada lake lilipendeza. Hakukuwa na nia mbaya. Siku moja mwanafunzi mmoja, kijana mtaratibu, alisimama mbele ya meza yangu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Samahani madam, hii maktaba ni ya kanisa?" Nikamwambia hapana, ni ya chuo. Akatazama ile meza, akanitazama mimi, akashukuru, akaenda zake. Nikaenda kuiangalia meza kwa macho yake. Matoleo manne ya jarida moja, yamepangwa kama feni. La upande wa pili hakuna hata moja, kwa sababu hakuna aliyetutumia.

Mji huu Waislamu na Wakristo wanapanga nyumba moja na kula daku na Krismasi pamoja. Maktaba haiwezi kuachia wenye stempu nyingi waamue meza yetu ionekane vipi. Tulichofanya: stendi moja ya majarida ya dini, si meza ya mbele, toleo moja la mwisho la kila jarida, yamepangwa kwa alfabeti. Linaloshambulia imani ya wengine haliwekwi, hata likiwa na picha za kupendeza. Na kwa kuwa upande mmoja ulikuwa mtupu, tulipiga simu kwa taasisi mbili tukaomba ya kwao. Yaliletwa kwa bodaboda siku ile ile.

Ya siasa, sheria ni hiyo hiyo, na mwaka wa uchaguzi kaza zaidi.

Hatua ya 6: likikataliwa, lizuie kwenye chanzo

Kulitupa kila mwezi bila kumwambia aliyetuma ni kazi isiyo na mwisho. Anza na njia nyepesi. Kama lilikuja na kadi ya kuthibitisha, usiijaze, na usimruhusu mtu kuijaza. Subiri matoleo mawili matatu.

Likiendelea, andika. Barua pepe inatosha, na mwenye jarida la nje mwandikie kwa lugha yake ya kazi. Iwe fupi hivi:

"Tunashukuru kwa nakala za jarida lenu mlizotutumia. Maktaba yetu haikuliagiza, na kwa utaratibu wetu wa kupokea majarida hatutaendelea kulipokea. Tafadhali tuondoeni kwenye orodha yenu. Namba yetu kwenye lebo ni hii hapa chini. Nakala zilizokwisha kufika hatutazirudisha wala kuzilipia."

Ambatanisha picha ya lebo uliyoipiga kwa simu. Usieleze sababu ndefu. Ukisema "nafasi imetuishia," watakujibu kwamba wana toleo la kielektroniki, na hapo umepata mgeni mwingine kwenye barua pepe.

Toleo lijalo huenda bado likafika, maana lebo huchapwa mapema. Likifika la tatu baada ya barua yako, lisifunguliwe. Andika juu yake "LIMEKATALIWA – RUDISHA KWA ALIYETUMA," ikatwe anwani yetu kwa mstari, lirudi posta na mhudumu. Kwa majarida ya nje sitakudanganya kwamba kila kifurushi kitafika kilikotoka. Kwa ya hapa mjini, simu moja kwa afisa uhusiano wao inashinda barua kumi.

Ankara ikija

Wapo wanaotuma matoleo matatu ya bure, halafu la nne linakuja na ankara. Karatasi inaonekana kama ya kuhuisha usajili: "Usajili wenu unakaribia kwisha." Upi? Mkutubi mgeni, au mhasibu aliyehamishiwa kwenu juzi, anaweza kuamini kwamba deni lipo.

Nimeshuhudia ankara ya namna hiyo, ya dola, ikipanda ngazi hadi meza ya malipo kwa sababu mtu aliibandika kwenye faili moja na za majarida tunayoyalipia. Lililotuokoa ni swali la mhasibu mmoja mzee: "LPO yake iko wapi?" Hati hiyo ya kuagizia ununuzi haikuwepo. Basi hakuna malipo.

Swali hilo ndilo ngao yako. Kwa taasisi za umma ununuzi unafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na unapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa serikali. Kitu kisichopita huko hakina mlango wa kulipiwa. Kwa maktaba binafsi, ukumbuke kwamba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba unahitaji pendekezo na mtu wa kulikubali. Kukaa kimya hakukufungi. Waingereza waliliamua hilo tangu 1862, katika kesi ya mjomba aliyemwandikia mpwa wake kuhusu farasi wa paundi 30 na shilingi 15: nisipokusikia, farasi ni wangu. Mahakama ikasema mtu hawezi kumfunga mwenzake kwa ukimya wake. Nchini Marekani, sheria ya posta ya tangu 1970 inamruhusu aliyeletewa bidhaa asiyoiagiza aichukue kama zawadi, na inakataza kumtumia ankara yake. Mdai wa Kimarekani akikusumbua, mkumbushe sheria ya kwao.

Jibu la ankara liwe mistari miwili: hatukuagiza, hatuna LPO, tuonyesheni fomu yenye saini yetu. Usiandike "tutalipa baadaye," hata kwa kumfukuza. Na jihadhari na simu. Mtu anapiga, anaongea haraka, "nathibitisha anwani tu, wewe ndiye mkutubi? Jina lako kamili?" Jina lako ndilo litakaloonekana kwenye ankara kama aliyeidhinisha. Mwambie aandike barua.

Hatua ya 7: kuyaondoa

Yasiyo na muhuri ni rahisi. Dar es Salaam haitupi karatasi. Muuza maandazi na karanga hataki jarida la kung'aa, maana halinyonyi mafuta. Huyo anataka gazeti. Lakini mzazi mwenye watoto wa shule ya msingi analitaka sana. Karatasi ile nzito ndiyo ya kujalidia madaftari, na jarida moja la kurasa 80 linajalidi madaftari mengi. Mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, boksi letu la kugawa linakwisha kwa siku moja. Walimu wa chekechea huchukua yenye picha za wanyama na magari kwa ajili ya kukata na kubandika. Mafundi cherehani na saluni huchukua ya mitindo. Ya ufundi yapeleke vyuo vya ufundi, lakini uwaulize kwanza. Usiwatupie wenzako takataka zako ukaita msaada. Nao wana boksi lao la kusubiri.

Yenye muhuri ni habari nyingine. Kwa taasisi ya serikali ni mali ya serikali, na mali ya serikali haigawiwi kwa kuinua mabega. Yaorodheshe, pata kibali kwa njia iliyowekwa, kisha yagongwe muhuri wa kufutwa kabla hayajatoka mlangoni. Vinginevyo siku moja mkaguzi atakuta muhuri wenu kwenye daftari la mtoto Mbagala, na utaitwa kueleza.

Yale ya kutogusa

Kabla ya kuteremsha chochote kwenye boksi la kugawa, chambua ya hapa nyumbani. Jarida la chama cha ushirika, la parokia, la bandari, la asasi ndogo ya Temeke, lililochapwa nakala mia tano kwa karatasi duni, huenda halina msomaji leo. Baada ya miaka 40 litakuwa pekee.

FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaweka makao yake mjini hapa mwaka 1963. Harakati hizo zilikuwa na majarida na vijarida vya propaganda, na watu walivipokea kama tunavyopokea vya ubalozi sasa: kwa miguno. Leo watafiti husafiri kuvitafuta. Mkutubi aliyevitupa mwaka 1970 kwa ajili ya kupata nafasi ya rafu alikuwa na hoja nzuri, kama yangu.

Kwa hiyo kila jarida la Tanzania linalotolewa bure tunaweka nakala moja kwenye kabati, hata tusipolionyesha. Wachapishaji wa nchini wanatakiwa kisheria kuwasilisha nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, lakini asasi nyingi ndogo hazijui. Ukipata la kwao wapigie uwaambie: nakala zipelekwe Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wengi hufurahi kusikia kuna anayelitaka. Ya nje tunaweka toleo moja kwa kila jarida lililowahi kuja, ndani ya bahasha, lebo yake imebandikwa nyuma na tarehe tulipolikataa imeandikwa kwa penseli.

Daftari na bahasha hizo nimeviweka kwenye faili la makabidhiano. Anayekuja baada yangu atapokea mfuko wa posta wenye jina langu juu ya nailoni, kama mimi nilivyopokea la mtangulizi wangu, ambaye bado anatumiwa jarida la meli kila baada ya miezi mitatu.